Hoteli Ndogo za Kifahari Ugenini na Meza Zake: Uzoefu Wangu

Nilipoanza kusafiri nje ya nchi kwa mapumziko, nilichagua hoteli kama wanavyochagua watu wengi: nilitazama picha, nikahesabu nyota, kisha nikalipa. Siku hizi picha naziangalia mwishoni kabisa. Baada ya miaka kadhaa ya kulala katika majumba ya kale, nyumba za wakulima zilizokarabatiwa na hoteli za vyumba kumi au kumi na viwili ambazo mwenyewe anakaa ghorofa ya juu, nimefikia uamuzi ambao naushikilia kwa dhati: hoteli ndogo ya kifahari huchaguliwa kwa meza yake ya chakula, na kwa namna wenyeji wake wanavyolijibu swali lako kabla hujawapa hata senti moja.

Kwanza nieleze ni hoteli za namna gani ninazozizungumzia, kwa sababu jina la "hoteli butiki" siku hizi hubandikwa hata kwenye jengo la vyumba mia tatu. Jina hilo lilipata nguvu New York mwaka 1984, Ian Schrager na Steve Rubell walipofungua hoteli ya Morgans, na inasemekana Rubell ndiye aliyeilinganisha hoteli yao na duka dogo la nguo teule, yaani butiki, tofauti na maduka makubwa yanayouza kila kitu kwa kila mtu. Mfano huo bado unanisaidia. Duka dogo lina ladha ya mtu fulani, na mteja anaweza kuipenda au kuikataa. Ninapoingia hotelini na kushindwa kabisa kuhisi ni ladha ya nani iliyochagua taa, viti na mkate wa asubuhi, najua kwamba nimelipia mapambo tu.

Lakini wazo la nyumba ndogo yenye tabia yake na jiko zuri ni la zamani kuliko jina hilo. Umoja wa Relais & Châteaux ulianzishwa Ufaransa mwaka 1954 kwa nyumba nane zilizokuwa kando ya njia ya kutoka Paris kwenda Nice, na maneno matano waliyoyafanya msingi wao, ambayo kwa Kifaransa yote huanza na herufi C, ni tabia, ukarimu, utulivu, haiba na upishi. Nayataja kwa sababu mpangilio huo unaafikiana na niliyoyaona kwa macho yangu: upishi uko ndani ya hesabu ya malazi tangu mwanzo, haukuongezwa baadaye kama huduma ya ziada. Mwanachama wa umoja kama huo anakupa dhamana fulani, ingawa nimewahi kulala katika nyumba zisizo na uanachama wowote zikanipendeza zaidi.

Kuhusu nyota, nilidanganyika kwa muda mrefu, na niseme wazi kwamba kosa lilikuwa la kutoelewa kwangu. Hakuna mamlaka moja duniani inayogawa nyota za hoteli. Kila nchi ina utaratibu wake, na nchi nyingine zina zaidi ya mmoja. Nchini Ufaransa, kwa mfano, uainishaji ni wa hiari, hudumu kwa miaka 5, na nyota ya tano yenyewe iliongezwa mwaka 2009. Wakaguzi hupima mambo yanayopimika, kama ukubwa wa vyumba, vifaa vilivyopo na lugha wanazozimudu wafanyakazi, na ni haki yao kufanya hivyo. Kisichoingia katika hesabu hiyo ni kama mhudumu atakumbuka kwamba jana uliomba chai isiyo na maziwa. Nimelala katika hoteli ya nyota tano ambapo kila kitu kilikuwepo na hakuna kilichonigusa, na nimelala katika ya nyota tatu ambayo bado naisimulia.

Nyota za mgahawa nazo ni jambo jingine, na hapa ndipo nilipopata hasara kubwa kuliko zote. Kitabu cha Michelin, mwongozo unaotoa nyota hizo, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1900, kikitolewa na kampuni ya matairi kwa ajili ya wenye magari. Nyota za migahawa zilianza mwaka 1926, na ngazi za nyota moja hadi tatu zikafuata miaka michache baadaye. Nyota hiyo hupewa mgahawa kwa chakula kilichomo sahanini. Haisemi lolote kuhusu godoro, wala haisemi kwamba mgeni aliyelala ghorofa ya pili atapata meza. Niliweka nafasi katika hoteli moja ya mashambani, ambayo sitaitaja, kwa sababu tu ya nyota ya mgahawa wake. Nililipa siku mbili, Jumapili na Jumatatu, nikaendeshwa kwa muda wa saa tatu kutoka uwanja wa ndege, na nilipofika mapokezi nikaambiwa kwa tabasamu kwamba mgahawa hufungwa Jumapili jioni na Jumatatu kutwa. Jioni ile tulikula sahani ya jibini na nyama baridi chumbani. Ni kawaida kabisa kwa migahawa ya ngazi hiyo barani Ulaya kufunga siku mbili kwa wiki, kwa kuwa wapishi wanahitaji kupumzika, lakini tovuti ya hoteli ile haikuandika jambo hilo mahali ambapo mtu anayelipia chumba angeliona. Tangu siku hiyo sijawahi kulipia chumba kabla ya kuwa na uthibitisho wa meza, wenye jina langu, tarehe na saa.

Inafaa kujua kwamba mwaka 2024 Michelin walianza kutoa pia Funguo kwa ajili ya hoteli zenyewe, kutoka ufunguo mmoja hadi mitatu, na miongoni mwa vigezo vyao ni usanifu, huduma, upekee wa nyumba na thamani ya fedha anayolipa mgeni. Kwangu mimi hoteli yenye Ufunguo na mgahawa wenye nyota chini ya paa moja ni mahali pa kuanzia kutafuta. Baada ya hapo bado huandika barua.

Barua hiyo ndiyo nguzo ya uchaguzi wangu wote. Mume wangu hudhurika akila kamba, kaa na jamii yao, na katika menyu ya mapishi saba yanayoletwa moja baada ya jingine, jambo hilo si dogo. Tulipokuwa tukipanga safari ya Burgundy, Ufaransa, niliziandikia hoteli tatu ndogo ujumbe uleule kwa barua pepe. Ya kwanza ilijibu ndani ya saa moja ikinishukuru kwa kuwachagua na kunihakikishia kwamba mahitaji yangu yamepokelewa, maneno ambayo yangemfaa mtu aliyeomba mto wa ziada. Ya pili haikujibu kabisa. Ya tatu ilijibu kesho yake mchana, na aliyejibu alikuwa mtu wa jikoni. Aliuliza kama hata mchuzi uliochemshwa kwa maganda ya kamba una madhara, akasema kwamba mapishi mawili katika menyu ya msimu ule yalikuwa na mchuzi wa namna hiyo, akaeleza atakachokiweka badala yake, kisha akatushauri tusogeze ujio wetu kwa siku moja kwa kuwa jioni tuliyoichagua mgahawa ungekuwa umefungwa. Nililipa siku hiyohiyo, bila kufungua hata ukurasa wa picha.

Na jioni ya chakula nikaona kwa nini nilikuwa sahihi. Hakuna aliyetangaza mezani kwamba bwana huyu ana mzio. Sahani mbili za samaki ziliwekwa mbele yetu kwa wakati mmoja, zikifanana kabisa, kisha mhudumu akaja na vyombo viwili vidogo vya shaba vyenye mchuzi. Mpini wa kimoja ulikuwa umefungwa uzi mweupe, fundo moja dogo, nadhifu. Alimmiminia mume wangu kutoka katika kile chenye uzi, akanimiminia mimi kutoka katika kingine, akaondoka. Nilikaa nikiutazama ule uzi kwa muda. Mtu fulani jikoni alikuwa ameukata, akaufunga, na pengine alikuwa akifanya hivyo kila alipokuja mgeni wa namna yetu, ili mkono wa mhudumu usikosee katika mwanga hafifu wa mishumaa. Hicho ndicho ninachokiita anasa, na sijaona hata mara moja kikipigwa picha.

Jengo lenyewe nalo lina masharti yake, na msafiri anapaswa kuyasoma kabla. Mjini Fès, Morocco, tulilala katika riad, yaani nyumba ya kale inayoizunguka bustani au ua wa ndani, ambayo madirisha yake hutazama uani badala ya barabarani. Uzuri wake ni kwamba ukifunga mlango, jiji lote linabaki nje. Tatizo lake ni kwamba ua huohuo ndio ukumbi wa chakula, na sauti hupanda juu kama ndani ya kisima. Tulipewa chumba cha chini, na tulisikia vijiko hadi usiku wa manane. Siku hizi huomba chumba cha juu, mbali na ngazi. Aidha, magari hayaingii katika mji wa kale wa Fès, kwa hiyo tulipangiwa mtu wa kutupokea langoni na kubeba mizigo kwa mkokoteni, nasi tukaombwa tuseme asubuhi kama tutakula nyumbani jioni, kwa kuwa mpishi alikuwa akinunua sokoni kiasi cha siku ile tu. Kwangu ombi hilo lilikuwa sifa kubwa, kwani jiko linalouliza asubuhi ni jiko ambalo chakula chake hakikutoka katika jokofu la juzi.

Japani inahitaji maandalizi ya namna nyingine. Nyumba za wageni za jadi, ambazo huitwa ryokan, kwa kawaida hutoza kwa kila mtu na si kwa kila chumba, na bei hujumuisha chakula cha jioni na cha asubuhi. Mlo wa jioni ni wa kaiseki, mfululizo wa vyakula vidogo vinavyofuata msimu, na huandaliwa kwa saa uliyokubaliana nao, ambayo mara nyingi ni mapema, saa kumi na mbili au saa moja jioni. Anayechelewa treni huukosa mlo, na hakuna wa kulaumiwa. Tulifika mapema kwa makusudi, tukala bila haraka, na tulipomaliza tukakuta magodoro yametandikwa sakafuni kwa utaratibu ambao sikuusikia ukifanyika.

Kuhusu malipo nina machache. Tovuti za kuwekea nafasi huitoza hoteli kamisheni, na kwa nyumba ya vyumba kumi fedha hiyo huuma, kwa hiyo ukiwasiliana na hoteli moja kwa moja mara nyingi hupata chumba kizuri zaidi kwa bei ileile, au masharti laini ya kughairi. Soma masharti hayo kwa makini, hasa kwa upande wa mgahawa, kwani siku hizi migahawa mingi huomba namba ya kadi na hukata fedha ukishindwa kutokea.

Kifungua kinywa nakitazama kwa jicho kali kuliko chakula cha jioni. Jioni mpishi mkuu yupo, wageni kutoka nje wapo, na kila mtu amejipanga. Asubuhi, saa mbili, hakuna wa kuvutia isipokuwa mgeni aliyelala, na hapo ndipo nyumba hujulikana. Ninapoona juisi ya kopo na yai lililochemshwa tangu alfajiri katika hoteli iliyonitoza kiasi kikubwa usiku uliopita, huwa sirudi tena. Katika ile nyumba ya Burgundy waliuliza usiku, wakati wa kutupa ufunguo, tutaamka saa ngapi, na mkate ulifika mezani ukiwa bado wa moto kiasi kwamba siagi ilianza kuyeyuka kabla sijaipaka.

Swali ambalo sasa naliongeza katika kila barua yangu, yaani tutakula nini jioni ya pili, nililipata hapohapo. Migahawa ya namna hii mara nyingi huwa na menyu moja ndefu kwa msimu mzima, na mgeni anayelala siku mbili hujikuta akiletewa chakula kilekile jioni ya pili, au akitafuta mahali pengine pa kula gizani, kijijini. Jioni yetu ya pili tuliposhuka, meza yetu ilikuwa imehamishiwa karibu na dirisha la jikoni na hapakuwa na menyu juu yake. Mpishi alitoka mwenyewe, akifuta mikono kwenye aproni, akasema kwamba jana tulikula alichowapikia watu wote, na leo angependa kutupikia wanachokula wao wenyewe nyumba inapofungwa. Akaleta kuku mmoja mzima katika chungu, kijiko kikubwa na mkate. Mezani palikuwa na chombo kimoja tu cha mchuzi, na safari hii hakikuwa na uzi, maana hapakuwa na kitu ambacho mume wangu asingeweza kukila.