Kiingilio cha dakika 90, mpira wa dakika 111: uzoefu wangu wa kibanda umiza

Kibanda umiza hiki, yaani banda la kuonyeshea mpira, cha huku Mbagala nakijua kwa misimu kadhaa sasa. Kiingilio buku (shilingi elfu moja), runinga mbili, mabenchi ya mbao yanayokukumbusha mgongo wako kila baada ya nusu saa. Picha safi, na sauti inamfikia hata yule anayechungulia dirishani bila kulipa. Hapo sina neno.

Shida ni saa. Mwenye banda anafunga saa saba kamili usiku, maana majirani walishamfikisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Zamani ilitosha: mechi ya saa tano inakwisha kabla ya saa saba, mnatoka mkibishana hadi njia panda. Likaja Kombe la Dunia la Qatar 2022, Collina, mkuu wa marefa wa FIFA, na marefa wake wakaamua kila dakika inayopotea ifidiwe. Uingereza na Iran waliongezewa dakika 14, tena kipindi cha kwanza tu! Msimu wa 2023/24 Ligi Kuu ya Uingereza nayo ikaufuata mtindo huo.

Yakanikuta Novemba 6, 2023, Tottenham na Chelsea. Kipindi cha kwanza kiliongezwa dakika 12, VAR (marefa wa video) haipumziki, Romero wa Tottenham kala kadi nyekundu. Cha pili Udogie naye akatoka kwa nyekundu, Spurs (ndio hao hao Tottenham) wako tisa lakini mabeki wao wamesimama karibu na katikati ya uwanja kama vile hakuna kilichotokea. Banda zima tumesimama. Chelsea wanaongoza 2-1, kibao kinaonyesha dakika 9 za nyongeza. Mara giza. Saa saba.

Nikalala na 2-1 yangu. Asubuhi kijiweni naichambua mechi kwa kujiamini, wenzangu wananitazama tu. Kumbe Jackson wa Chelsea, aliyefunga lile la pili, alipiga mbili zaidi dakika za mwishomwisho, akaondoka na mpira wake wa hat-trick (mabao matatu). Wiki nzima nikaitwa "mchambuzi".

Nilimfuata mwenye banda nikitaka walau nusu ya hela yangu. Akaendelea kuhesabu chenji bila kuniangalia: "Kaka, mimi nimekuuzia dakika tisini. Zile zingine kamdai refa."

Nyota tatu. Mechi za mchana nendeni, kuna upepo mzuri. Za saa tano usiku, kaeni na redio nyumbani.