Inveta ya nyumbani Mwanza: uliza inakula kiasi gani ikiwa haina mzigo

Malalamiko yanayonifikia kutoka Igoma, Nyegezi na Kirumba yanafanana. Inveta mpya (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani), betri mpya, umeme umekatika jioni, na alfajiri nyumba ipo gizani ingawa zilikuwa zinawaka taa tatu tu. Fundi akija anasema betri mbovu. Mara nyingi betri inasingiziwa.

Inveta ikiwashwa hula umeme hata usipochomeka kitu. Nyingi za kilowati 5 hula wati 50 na kuendelea. Zidisha kwa saa 24: wati-saa 1,200, yaani betri nzima ya volti 12 ya ampia-saa 100, imeliwa bure. Kwa mwezi ni yuniti 36. Kama upo kwenye ile bei nafuu ya LUKU yenye kikomo cha yuniti 75, karibu nusu imeondoka na hujapiga hata pasi.

Kwa hiyo kwenye orodha yangu ya inveta namba moja ni Victron MultiPlus-II, na sioni haya kuipendelea. Ile ya 48/3000 (betri ya volti 48, nguvu ya VA 3000) bila mzigo hula wati 11, na wenyewe wameandika kwenye karatasi ya vipimo. Ni chaja na inveta kwa pamoja. Bei yake inauma, najua.

Ya pili ni Deye haibridi: paneli, betri na TANESCO mahali pamoja, na inaweza kurudisha umeme kwenye gridi. Inakula kuliko Victron. Mchana jua linakufichia, usiku utaisikia. Growatt za aina ya SPF ni za tatu, ila hizo hazirudishi kitu kwenye gridi.

Za bei ya chini zenye mawimbi ya ngazi, yaani umeme wake hupanda na kushuka kwa ngazi badala ya wimbi laini kama wa TANESCO, ni za taa na simu. Friza ya sangara usiichomeke humo.

Kuna aliyeuliza kama gari la umeme la Nissan Leaf linaweza kulisha nyumba: ndiyo, linaweza kupitia tundu lake la kuchajia liitwalo CHAdeMO, lakini linataka kigeuzi chake maalumu cha njia mbili. Hizi inveta za ukutani hazifai.

Sasa wauzaji. Ukiuliza wati za bila mzigo unajibiwa, "Dada, hii orijino, inabeba mpaka pasi!" Boksi limeandikwa 5 kVA, kipimo ambacho si lazima kiwe sawa na kilowati, yeye anasema kilowati 5, kumbe nyingine zinatoa kilowati 4 tu. Na ole wako utaje kwamba unakaa Capri Point, mtaa wa wenye nazo, kabla hujaambiwa bei.