Seestar S50 ukiwa Dar: kupiga nebula chini ya anga letu

Niseme mapema kabisa wakuu, kama unataka kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi huko angani, ukiwa huku kwetu na huna hela ya mitambo ile mikubwa, darubini ya Seestar S50 ndio kitu cha kununua. Ila ukiinunua halafu ukaishia kwenye ile picha inayotokea kwenye simu, basi umeifaidi nusu tu. Review nyingi zimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani na ushauri wao mwingine huku haufanyi kazi, kwa hiyo hapa naongelea hii mashine ukiwa Dar, Kisarawe, Kigamboni, Dodoma, sehemu zetu.

Kwa asiyeijua, ni darubini ndogo ya ZWO, kampuni ya China, ilitoka 2023. Haina sehemu ya kuchungulia kwa jicho, yenyewe ni lenzi ya milimita 50, urefu wa fokasi 250, nyuma kuna sensa ya Sony IMX462, na mota, kompyuta, betri, filta, hita ya kuzuia umande vyote viko humo ndani. Unaiweka kwenye tripodi yake, unaunganisha na simu kwa Wi-Fi, unachagua kitu kwenye app, inageuka yenyewe inapiga picha ya nyota inazilinganisha na ramani yake inajua iko wapi, halafu inaanza kupiga fremu moja moja na kuzipanga juu ya nyingine wewe unaangalia nebula inazidi kutokea. Haihitaji intaneti ukiwa porini, ni ile mara ya kwanza tu ya kuisajili ndio inataka, kwa hiyo imalizie nyumbani kabla hujatoka.

Sensa yake ni ndogo, piseli 1080 kwa 1920, yaani megapikseli 2 tu. Watu wanaicheka hiyo namba lakini kwa simu au kuprinti A4 inatosha vizuri. Kinachouma zaidi ni eneo inaloona, digrii 0.7 kwa 1.3 hivi. Nebula ya Orion, M42, inaingia kwa kubanwa, mabawa yake yanakatika pembeni. Carina, ile nebula kubwa ya anga la kusini, haiingii kabisa, unapata kitovu chake. Kuna modi ya mozaiki inayopanua eneo ila inakula muda, utahitaji masaa mengi zaidi kupata usafi uleule.

Sasa nije kwenye kitu ambacho sijaona kikielezwa vizuri. Hii darubini inafuata nyota kwa kwenda juu-chini na kushoto-kulia, na mashine ya aina hiyo picha inazunguka taratibu ndani ya fremu kadiri muda unavyokwenda. Ndio maana wazungu wanasisitiza EQ modi iliyoongezwa kwenye app 2025, unailaza darubini mhimili wake uelekee ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, halafu picha haizunguki tena. Kwa mtu wa Berlin ni sawa, ncha yake iko juu zaidi ya digrii 50. Dar es Salaam ncha ya kusini iko kama digrii 7 tu juu ya upeo wa macho, na Polaris ya kaskazini hatuioni. Maana yake darubini inabidi ilale karibu chali, uzito wote unaning'inia upande mmoja wa tripodi, upepo kidogo tu wa pwani inatikisika. Inawezekana ukiwa na stendi nzito, lakini kwa tripodi iliyokuja nayo sikushauri.

Habari njema ni kwamba kwa Orion hatuihitaji. M42 iko kusini kidogo ya ikweta ya anga, digrii 5 na ushee, kwa hiyo kwetu inachomoza mashariki na kupanda wima moja kwa moja mpaka utosini, yaani juu ya kichwa chako kabisa, na kushuka magharibi. Ikiwa kati ya digrii 30 na 65 upande wa mashariki au magharibi, mzunguko wa picha hauzidi digrii 1 hivi kwa saa nzima, ni kama haupo! Weka sekunde 20 kwa fremu, hata 30 kama hakuna upepo, nyota zinabaki duara mpaka kwenye kona. Mtu wa Ulaya na modi ileile ya kawaida hapati hiyo raha.

Ila ikikaribia utosini acha. Dar M42 inapita kama digrii moja na nusu tu kutoka utosi kamili, na hapo mota ya kushoto-kulia inatakiwa igeuke nusu duara ndani ya muda mfupi, picha inazunguka kwa kasi, fremu zinatupwa moja baada ya nyingine. Mimi nikiona imefika digrii 70 nahamia kitu kingine, narudi kwake ikishaanza kushuka magharibi.

Carina ni kinyume chake. Iko kusini sana, ikifika juu kabisa kwa Dar inakuwa digrii 37 tu, na pale inazunguka kama digrii 18 kwa saa. Ukiweka sekunde 30 nyota za kwenye kona zinavutika kama piseli 3, inaonekana kabisa, kwa sekunde 10 ni piseli 1 hivi. Kwa hiyo Carina baki na sekunde 10 na usisikilize mtu anayekwambia fremu ndefu ndio bora. M8, ile nebula ya Lagoon ya Julai, iko katikati, ikiwa bado kusini-mashariki kwenye digrii 40 sekunde 20 zinakubali.

Mahali nako kunategemea unapiga nini. Kisarawe ni karibu na giza lake zuri kuliko mjini, lakini taa za Dar zote ziko mashariki kwako, yaani Orion inachomoza humohumo kwenye mwanga, ukiwa huko ipige ikiwa inashuka magharibi. Kimbiji kule Kigamboni ni kinyume, mashariki ni bahari tupu, kusini hakuna mji mkubwa karibu, mwanga wa jiji unabaki nyuma yako kaskazini-magharibi. Kwa Orion inayopanda na Carina sioni sehemu nzuri zaidi kwa mtu wa Dar. Shida yake ni chumvi na unyevu. Washa hita ya umande tangu mwanzo, usisubiri lenzi ipate ukungu, na ukirudi futa mwili wake na kitambaa kikavu. Tripodi usiirefushe, iache chini kabisa, kwenye mchanga weka ubao.

Ukibanwa ubaki nyumbani Tabata au Sinza bado inapiga, na hapo ndio filta yake ya bendi mbili inaonyesha kazi. Nebula kama Orion, Carina, Lagoon zinang'aa kwa rangi chache maalumu, ule wekundu wa haidrojeni kwenye nanomita 656 na kijani-buluu cha oksijeni kwenye nanomita 501, na filta inaruhusu hizo na kuzuia mwanga mwingi wa taa za barabarani. Hata kukiwa na mbalamwezi unapata kitu. Lakini usiiwashe kwa Kilimia. Ile buluu inayozunguka Kilimia ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, haling'ai lenyewe, filta inalimeza lote unabaki na nyota tupu. Kilimia inataka giza la kweli na filta imezimwa.

Haya, usindikaji. App ukimaliza inakupa JPG iliyokwishavutwa mwanga, yaani sehemu hafifu zimeshang'arishwa, ya kutuma kwa washkaji ni safi sana. Lakini angalia kitovu cha M42 kwenye hiyo JPG, kimeungua kimekuwa cheupe, zile nyota nne za Trapezium hazionekani. Zipo lakini kwenye data! Kabla hujaanza kupiga ingia settings uwashe kuhifadhi kila fremu, utapata faili za FITS, yaani data ghafi, moja kama MB 4, saa moja ya fremu za sekunde 10 ni kama GB moja na nusu. Kumbukumbu ya ndani ni GB 64 kwa hiyo haijai haraka. Hamisha kwenye laptopu kwa waya wa USB, Wi-Fi itakuchosha.

Programu ninayotumia kuzipanga fremu na kuisafisha picha ni Siril. Ni ya bure kabisa, Windows, Linux, Mac zote, na ina skripti ya Seestar tayari, unaweka fremu kwenye folda inayotakiwa unabonyeza unasubiri. Kwa kuwa picha yenyewe ni megapikseli 2, laptopu ya kawaida tu inamudu.

Tuchukue Carina. Skripti ikimaliza unafungua faili unaona nyeusi tii, nyota chache tu, ndivyo inavyotakiwa kwa sababu data haijavutwa. Chini pale badilisha muonekano uwe AutoStretch, hiyo ni kwa macho yako tu haigusi data, na ghafla nebula hii hapa, ina ukijani mwingi na kingo chakavu kwa sababu fremu zilikuwa zinazunguka. Kata kingo kwanza, usionee huruma. Kisha ondoa mwanga wa mji uliobaki, Siril ina kifaa chake au tumia GraXpert ambayo nayo ni bure. Hapa kuwa makini, Carina inajaza karibu fremu yote, ukiacha programu iweke vituo vya sampuli yenyewe, yaani sehemu inazozichukulia kama anga tupu, itaviweka juu ya nebula na itafuta nebula ikidhani ni taa za Kariakoo. Weka vituo vyako kwa mkono kwenye sehemu chache zenye giza, vitano sita vinatosha. Halafu rangi, halafu kuondoa kijani, halafu unazitenga nyota na programu ya StarNet ili uivute nebula peke yake bila nyota kuvimba.

Kuvuta ndio pa kutulia. Tumia GHS, kifaa cha kuvuta mwanga kilichomo ndani ya Siril, sogeza kidogo, tazama, sogeza kidogo. Vidokezo viwili vitakuonyesha kama unakwenda vizuri. Cha kwanza ni lile wingu jeusi la Keyhole lililo ndani ya Carina, ukingo wake ubaki mkali na ndani yake pasiwe weusi wa kukatika. Cha pili ni Eta Carinae yenyewe. Hii nyota miaka ya 1840 ililipuka ikawa ya pili kwa kung'aa angani nzima usiku, na vumbi ililotema bado linaizunguka, wenyewe wanaliita Homunculus. Kwenye S50 lina upana wa piseli 7 hivi tu, kadoa ka rangi ya chungwa. Ukivuta kwa pupa linakuwa jeupe kama nyota nyingine yoyote. Ukivuta kwa utulivu rangi ile ya chungwa inabaki, na mimi nikiiona pale, kwa lenzi ya milimita 50 niliyoibeba mgongoni, kitu kilicho mbali zaidi ya miaka nuru 7,000, moyo unanienda mbio kila mara.

Muda wa kukusanya mwanga ndio kila kitu. Fremu 100 zinapunguza chenga mara 10, ukitaka mara 20 unahitaji fremu 400, sio 200. Kwa hiyo usiruke vitu kumi kwa usiku mmoja, chagua viwili ukae navyo. Betri ni ya 6000 mAh, ZWO wanasema masaa 6, power bank ya kawaida kwa USB-C inaimalizia usiku.

Bei, ilipotoka Marekani ilikuwa kama dola 500, juu yake weka usafiri, ushuru, na VAT 18%. Uliza kabisa msafirishaji kama anapokea mzigo wenye betri ya lithiamu ndani, wengine wanaukatalia njiani. Filta ya jua inakuja kwenye boksi, na usiielekeze kwenye jua bila hiyo hata sekunde moja.

Kuna mdogo wake S30, lenzi milimita 30, bei chini, inaona eneo pana zaidi, digrii 1.2 kwa 2.1 hivi. Kama ndoto yako ni sehemu kubwa ya Carina au M8 na nebula jirani yake M20 kwenye fremu moja, chukua hiyo kwa kweli. Anayependa kuingia ndani ya kitu, Trapezium, Keyhole, ile mistari mitatu ya giza ya M20, S50.

Na ukiagiza panga ikufikie kabla ya Januari. Vuli ikishaisha tuna Januari na Februari, Orion iko juu jioni na Carina inapanda usiku wa manane, usiku mmoja unapata zote mbili. Machi mawingu ya masika yanaanza na pwani unakaa mpaka Juni, japo mwenye ndugu Dodoma au Iringa akienda Julai nebula za M8, M16 na M17 zinamsubiri kwenye anga kavu kabisa, na baridi ya Iringa usiku beba koti.