Duka la michezo lilipofungwa: michezo 14, nimebaki na 9

Jina la duka sitalitaja. Limeshakufa, na marehemu hasemwi vibaya. Nitasema tu lilikuwa duka dogo la mtandaoni la michezo ya kompyuta, na kwa miaka minne nilikuwa mteja wake mwaminifu kutoka hapa Lubumbashi.

Lilinivuta kwa bei: dola 3, dola 5, mwisho wa mwaka hata dola moja na nusu. Mimi kadi ya benki sina, kwa hiyo mjomba wangu aliyeko Ubelgiji ndiye aliyelipa kwa kadi yake, kisha ananiambia pesa hiyo nimpelekee bibi anayeishi Katuba, hapa hapa mjini. Kila mchezo nilionunua uligeuka unga wa bukari, yaani ugali, nyumbani kwa bibi. Utaratibu ulikuwa mzuri kuliko duka lenyewe.

Siku moja barua pepe ikaingia. Mistari sita, na asante nyingi. Duka litafungwa baada ya siku 60, pakueni mlivyonunua, seva (kompyuta za duka zinazotuma michezo kwetu) zitazimwa. Salio lililobaki kwenye akaunti halirudishwi. Langu lilikuwa dola 11. Usiku ule ule nikalimalizia kwenye mchezo wa kulima mashamba ambao hata siupendi, ili tu pesa isife bure. Huo ndio ukawa wa 14.

Ukiwa na intaneti ya nyumbani isiyokatika, siku 60 ni nyingi. Mimi nanunua mega za simu. Michezo yangu yote ilifika gigabaiti 140 hivi. Kwa bei ya mega ningeuza kompyuta ili nipate ya kupakulia michezo ya kompyuta. Nikamwendea binamu yangu ambaye ofisi yao katikati ya mji ina intaneti nzuri. Akakubali, ila usiku tu, na mlinzi apewe kitu cha chai. Nimelala juu ya viti vitatu vilivyounganishwa, usiku tano. Usiku wa pili, mchezo mmoja mkubwa ukiwa umefika asilimia 91, umeme ukakatika. Uliporudi, programu ya duka ikaanza tena kutoka sifuri, kana kwamba hatujawahi kuonana. Hapo nililia kidogo, mlinzi shahidi. Michezo miwili ikanishinda kabisa, kila mara inakwama, nikaiacha.

Kwa hiyo nilikuwa na 12 kwenye diski ya nje. Nikajiona mjanja.

Duka likafungwa. Wiki iliyofuata nikafungua mmoja mmoja. Tisa ikacheza. Mitatu ikafungua picha ya mwanzo, ikaniomba niingie kwenye akaunti, ikaitafuta seva, ikasubiri, ikasema hakuna mtandao. Mtandao upo! Seva ndiyo haipo. Faili zote ninazo, gigabaiti 38, na hazinisaidii kitu. Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni akisubiri zamu yake. Akaniuliza, "Yaya, ile michezo ulinunua ao uliazima?"

Swali lake ndilo lililonipeleka kusoma masharti, miaka minne nikiwa nimechelewa. Kumbe nilipewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia. Hata Steam, ambalo ndilo duka wengi wetu tunalijua, tangu Oktoba 2024 linaandika wazi kabla hujalipa kwamba unanunua leseni. Wakati huo California, jimbo la Marekani, ilikuwa imepitisha sheria ya kuwalazimisha wauzaji waseme hivyo, ikaanza kazi 2025. Sheria hiyo haifiki Katuba, lakini ukilipa ukiwa Katuba, maneno utayaona.

Nilichogundua ni kwamba kufungwa kwenyewe kuko kwa namna tofauti. Nintendo ilisimamisha mauzo kwenye duka la mtandaoni la mashine zake za michezo, 3DS na Wii U, tarehe 27 Machi 2023, na duka la Xbox 360, mashine ya Microsoft, likafuata tarehe 29 Julai 2024, lakini kote huko aliyekwisha kununua aliachiwa mlango wa kupakua tena. Google ilipozima Stadia, huduma yake ya kucheza michezo moja kwa moja mtandaoni, Januari 2023, ilirudisha pesa za michezo iliyonunuliwa kwenye duka lake. Kibaya zaidi ni The Crew, mchezo wa magari wa kampuni ya Ubisoft, wa mwaka 2014. Seva zake zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa mchezo wote uliitegemea seva, hata mtu mwenye diski yake halisi mkononi hakuweza kucheza. Kwa hiyo wale wanaosema "mimi nanunua diski, sina shida", wajaribu kwanza kuiwasha bila intaneti.

Sasa pesa yangu inakwenda wapi? Zaidi GOG, duka lililoanzia Poland mwaka 2008. Pale unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski, na siku ukilifungua haliombi ruhusa kwa mtu. Nimejaribu kwa kuzima intaneti kabisa na kusakinisha kwenye kompyuta ya binamu: mchezo ukacheza. Ubaya wake ni kwamba michezo mingi mipya haipo, na kazi ya kuhifadhi ni yako. Usipopakua, uko palepale nilipokuwa mimi. Steam natumia bado, ila kwa vitu vya bei ndogo, na baadhi ya michezo yake hukubali kufunguka bila programu ya Steam; ninayokuta iko hivyo naikopi upesi.

Duka langu la marehemu nalipatia nyota 2 kati ya 5. Moja kwa bei, moja kwa kututangazia mapema. Zile tatu zimebaki ndani ya gigabaiti 38.

Mjomba anaendelea kulipa, bibi anaendelea kupata unga. Diski nimeifunga kwenye kitambaa, juu ya kabati, na kila mwisho wa mwezi naishusha kuona kama bado inawaka. Mchezo wa mashamba, ule nilioununua kwa hasira, ndio mdogo wangu haachi kuucheza. Jana amevuna nyanya hadi saa sita usiku.