Pete ya sitrini Mji Mkongwe: litazame jiwe kabla hujauliza bei

Assalaam alaykum wapenzi watazamaji. Leo nipo Mji Mkongwe, na mbele yangu nina pete mbili za fedha zenye sitrini, jiwe la vito la rangi ya manjano au machungwa. Madukani huku tanzanaiti ndiyo inayopangwa mbele, sitrini huwekwa pembeni, na wengi wetu huinunua kwa kufuata maneno ya muuzaji tu.

Tuanze na hii ya rangi ya machungwa iliyokolea. Nasogeza kamera. Nikiizungusha, mnaona wekundu unavyochomoza ndani? Rangi ya namna hii mara nyingi haikutoka hivyo ardhini. Ni amethisti, lile jiwe la zambarau, iliyotiwa tanuri kwenye joto la nyuzi 500 hivi. Chuma kilichomo ndani hubadilika, na rangi nayo ikageuka. Nyingi hutoka Brazili. Sitrini isiyopita motoni, kama hii ya pili, kwa kawaida huwa ya manjano iliyopoa.

Kuchomwa kwa jiwe si ulaghai, na mimi sina ugomvi nako. Ninachokataa ni kutozwa bei ya jiwe asilia kwa jiwe lililochomwa. Muulize muuzaji waziwazi, kisha akuandikie kwenye risiti. Akisitasita, mshukuru uondoke. Na akikwambia ni "topazi ya dhahabu", hapo pia simama: topazi ni madini mengine, nzito zaidi, na ugumu wake ni 8 kwa kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoishia 10. Sitrini ni 7.

Sasa tazameni vizuri, maana hapa ndipo pesa zinapopotea. Nachomeka kipande cha gazeti ndani ya pete, chini ya jiwe. Hii ya machungwa, herufi zinasomeka katikati! Imekatwa vibaya: upande wa chini ni mfupi mno, mwanga unapita ukapotea badala ya kurudi juu. Hii ya manjano, herufi huzioni. Jiwe linawaka lote, kama asali kwenye jua.

Msikubali jiwe lenye madoa yanayoonekana kwa macho. Sitrini safi zipo tele, hata kubwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvumilia. Ukiona viputo vya duara ndani, hicho ni kioo.

Fedha iwe na chapa ya 925 ndani ya pete, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi. Halafu pitisha ncha ya mtandio juu ya meno yanayoshika jiwe, taratibu hivi... Ukinasa, jino limenyanyuka. Lirekebishwe kabla hujalipa.

Mimi nachukua ya manjano, bila kufikiri mara mbili. Ikikubana kidole, ukampelekea sonara aipanue, mwambie alitoe jiwe kwanza ndipo awashe moto. Sitrini ikipata joto la ghafla inaweza kupasuka, na hata isipopasuka, rangi inaweza kubadilika.