Uzoefu wangu na fundi aliyefunga betri na inveta katika gari-nyumba langu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa tukio lenyewe lilitokea majuma kadhaa yaliyopita, na nitajitahidi kumtendea haki fundi aliyefunga betri ya pili, chaja na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani) katika gari-nyumba langu, kwa sababu sehemu ya kazi yake ilikuwa nzuri kweli. Taa hazififii tena, friji hufanya kazi usiku kucha, na asubuhi betri ya kuwashia injini huwa haijaguswa. Miezi ya mwanzo nilimsifu kwa kila aliyeniuliza.

Kisha usiku mmoja, tukiwa tumeegesha, mke wangu alichomeka birika la umeme la wati 1,000, na kabla maji hayajachemka nikasikia harufu ya plastiki inayoungua ikitoka chini ya godoro alilolalia mtoto wetu. Nilizima inveta, nikamtoa mtoto, nikainua godoro na kumulika kwa tochi. Waya chanya unaotoka kwenye betri ulikuwa umelainika hata ganda lake likang'aa kama limepakwa mafuta, na pale ulipopita juu ya ukingo mkali wa fremu ya chuma ganda lilikuwa limeanza kuchanika, shaba inachungulia. Maandishi yake yalikuwa bado yanasomeka: milimita mraba 6. Niliufuata kwa vidole mpaka kwenye betri nikitafuta fyuzi. Haikuwapo.

Nilifungua waya hasi kwanza, kwa kuwa bodi ya gari imeungwa upande huo, na spana ikigusa bodi wakati unafungua upande chanya, hapo hapo umepiga shoti. Tukalala gizani.

Kulipokucha nilimpigia simu. Sikutaka ugomvi, nilitaka aje aone. Alinisikiliza kidogo, akanikatiza: "Bosi, volti 12 haijawahi kuua mtu. Fyuzi imo ndani ya inveta. Wewe endesha gari, umeme niachie mimi." Akakata simu.

Maneno hayo hayajanitoka moyoni hadi leo. Ni kweli kwamba volti 12 haimrushi mtu, lakini birika lile lile ambalo kwenye umeme wa volti 230 hula ampea 4 na kitu, likipitia inveta huidai betri zaidi ya ampea 83, na ukijumlisha umeme unaopotea ndani ya inveta yenyewe, zinakaribia 95. Waya mwembamba kama ule hauwezi kubeba mzigo huo bila kuchemka. Tena fyuzi iliyomo ndani ya inveta huilinda inveta. Waya ulio kati yake na betri haulindwi na chochote, na kama shaba ile ingeigusa fremu, betri ingemwaga mamia ya ampea pasipo kitu cha kuikatiza. Fyuzi hukaa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, na ukubwa wake hufuata uwezo wa waya. Fundi asiyejua hili hana haki ya kushika spana ndani ya gari ambamo watu wanalala.

Sitarefusha habari ya betri ya maji kufungiwa katika sanduku lisilo na bomba la kutolea gesi, ilhali kila azichajiye betri hizo anajua kwamba hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka.

Fundi mwingine, mpole na mchache wa maneno, aliweka waya wa milimita mraba 35, akaupitisha ndani ya bomba la plastiki mbali na fremu, na kufunga fyuzi ya ampea 125 umbali wa shibiri moja kutoka kwenye betri. Tulichemsha maji mara tatu mfululizo huku nimeushika waya kiganjani, nao haukupita uvuguvugu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba kwa chaja na taa ningemrudia yule wa kwanza. Nayafuta maneno hayo. Mtu aliyelaza waya ule chini ya mtoto wangu kisha akanikatia simu, siwezi kujua amepitisha nini kingine nyuma ya kuta, na nimeshaanza kufungua mbao moja baada ya nyingine ili nikague. Kipande kilichoungua nimekihifadhi. Picha zake nimemtumia mara mbili, na hajajibu.