Kifaa cha kusenta klachi ya gari la zamani: kabla ya kulipa, tikisa ncha

Malalamiko ya klachi yanayonifikia yanafanana mno. Mtu ana Land Rover Series III aliyoachiwa na baba yake, au Peugeot 504, au pikapu ya Datsun iliyokula chumvi. Kanunua klachi mpya Kariakoo, fundi kashusha gia boksi, kafunga klachi pleti na presha pleti, na sasa gia boksi haitaki kurudi. Limebaki pengo la vidole viwili. Wanasukuma watu watatu, wapi! Mwisho fundi anasema, "Tuivute na bolti." Wanakaza, na sikio la gia boksi, lile la aluminiamu linalopitisha bolti, linapasuka. Msomaji wa Tabata kanitumia picha ya sikio la namna hiyo, akauliza: dada, wenzangu wanatumia kifaa gani?

Haya. Klachi pleti imebanwa katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoikandamiza). Kabla bolti hazijakazwa inaelea tu, unaweza kuisogeza kwa kidole. Zikishakazwa haisogei tena. Shafti ya gia boksi lazima ipite kwenye meno yaliyo katika tundu la katikati la pleti hiyo, kisha ncha yake iingie kwenye kabushi kadogo, kapete ka shaba, kaliko mwisho wa kranki, mhimili mkuu wa injini. Pleti ikikaa chini kidogo tu, shafti inapita meno lakini ncha inagonga ukingo wa bushi. Hapo ukiacha uzito wa gia boksi uning'inie kwenye pleti, unaipinda, na klachi mpya itatetemeka kila ukiondoka kwenye taa. Beetle inashushwa injini badala ya gia boksi, na ncha yake inaingia kwenye beringi ya sindano iliyo ndani ya nati kubwa ya flaiwili, ila ugomvi ni ule ule. Kifaa cha kusenta ni fimbo tu: inapita kwenye meno ya pleti, ncha yake inaingia kwenye bushi, na inaishika pleti katikati hadi bolti zikazwe.

Wauzaji watakusifia vitu vingi: sanduku zuri, vichwa vingi (zile ncha za kubadilisha), chuma kinachong'aa. Sina haja navyo. Mimi naangalia ncha. Ncha ya kifaa ikiingia kwenye bushi, je, inacheza? Hilo ndilo swali lote, na dukani sijawahi kusikia mtu analiuliza.

Fikiria kidogo. Injini imelala ndani ya gari, kwa hiyo kifaa kinachomeka kimelala, na kimeshikiliwa upande mmoja tu, kwenye bushi fupi. Ncha ikiwa nyembamba kuliko tundu, kifaa chote kinainama kwa uzito wake na wa pleti. Upungufu mdogo kwenye ncha unakuwa mkubwa zaidi unapofika kwenye meno, kwa sababu meno yako mbali na bushi. Wewe kwa macho unaona kila kitu kimekaa sawa, unakaza bolti, na umeshaifunga pleti ikiwa chini.

Magari ya Kiingereza ndiyo yanayoumiza zaidi. Land Rover za zamani zilipimwa kwa inchi, na seti nyingi ninazoziona Kariakoo zina vichwa vya milimita peke yake. Chukua mfano wa tundu la inchi 1, yaani milimita 25.4. Muuzaji anakupa kichwa cha milimita 25 na kukuapia kwamba kimeingia vizuri. Kweli kimeingia! Kinacheza kwa milimita 0.4, na hiyo ndiyo inayokupeleka kwa mchomeleaji wa aluminiamu.

Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Nunua bushi mpya kwanza, itie mfukoni. Ukifika, omba kifaa, chomeka ncha kwenye bushi, shika mwisho wa pili na utikise. Ukisikia kugongagonga, rudisha. Na klachi pleti mpya nayo uwe nayo, uone kama koni ya kifaa (kile kipande chembamba mbele, kipana nyuma, kinachoteleza juu ya fimbo) au meno yake yanaikamata katikati.

Sasa nipange.

Namba moja kwangu ni seti ya chuma ya Laser, ile kampuni ya Uingereza. Sifichi, mimi ni mtu wa Laser, na atakayeniambia nina upendeleo hajakosea. Fimbo ni moja, vichwa vinabadilishwa kulingana na tundu la bushi, na koni inabana meno ya pleti kutoka nje. Niliyo nayo vichwa vyake vinakaza hadi mwisho bila kulegea kwenye uzi, jambo ambalo seti nyingi za bei nusu nilizojaribu zimeshindwa: kichwa kikilegea kwenye uzi, ni mchezo juu ya mchezo. Hata hivyo nayo ipime kwa bushi yako. Jina halijazi tundu. Sykes-Pickavant za zamani, nazo za Uingereza, ni chuma cha kweli, ukimkuta mzee anayefunga gereji yake na anauza vifaa, usibishane sana bei.

Namba mbili ni shafti yenyewe, iliyotolewa kwenye gia boksi iliyokufa ya gari kama lako. Kwa wauza chakavu utaipata, na meno yake yanaoana na pleti bila koni wala vichwa. Wengi wangeiweka ya kwanza. Naishusha kwa sababu ile ile: gia boksi iliyokufa mara nyingi ilikufa na ncha yake. Pitisha kucha kwenye ncha. Ukihisi ngazi, imelika, iache hapo hapo. Hesabu pia meno, maana modeli moja ya gari inaweza kuwa na shafti tofauti kwa miaka tofauti.

Tatu, kukerezewa. Mafundi wa kukereza vyuma wapo kata ya Gerezani, Dar es Salaam, na fundi mzuri ukimpa bushi na pleti anakutolea kipande cha chuma kinachoingia kama kilizaliwa humo. Mpe vitu vyenyewe apime mwenyewe kwa kalipa, kile kipimo cha kipenyo, usimpe namba ulizoandika kwenye karatasi.

Kuna zile za kutanuka, zinazojishikiza kwenye pleti na kujisenta kwa vidole vya presha pleti (vile vipande vya springi vinavyoelekea katikati) bila kugusa bushi. Zimetengenezwa kwa magari yasiyo na bushi kwenye kranki. Kwenye Land Rover Series IIA yenye klachi ya springi za koili na mikono mitatu badala ya vidole, koni ya kifaa hicho haina pa kukaa. Ruka.

Za plastiki? Zinakuja bure ndani ya boksi la baadhi ya klachi. Ikiwa imetengenezwa kwa klachi hiyo hiyo na haichezi, itakufikisha mara moja.

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Kuna duka niliuziwa boksi la klachi limeshafunguliwa, plastiki haimo. Namuuliza kijana, ananiambia, "Sista, hiyo inauzwa peke yake." Akaitoa kwenye droo! Kitu cha bure kilichotolewa ndani ya boksi langu, naambiwa shilingi 25,000. Nikimtajia gari, bei ikapanda, kwa sababu eti Land Rover ni gari la wenye nazo. Nikiomba kuchomeka ncha kwenye bushi yangu: "Ukifungua umenunua." Nikiomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, naambiwa mashine haina karatasi. Ukutani kibao kikubwa: mali ikiuzwa hairudi. Sasa mteja apime lini, akishafika nyumbani? Duka linalokataa bushi yangu isiguse ncha yake, mimi natoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Ukishapata kifaa kinachofaa, bushi ya shaba ya vinyweleo iloweke kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kuifunga. Ile kuukuu inatoka kwa kujaza grisi kwenye tundu na kupiga nyundo kipande cha chuma kinacholijaa. Grisi inaisukuma nje kutoka nyuma. Kaza bolti za presha pleti kidogo kidogo, kwa kukingama. Kila mzunguko, vuta kifaa na ukirudishe kwa vidole viwili tu. Kikianza kung'ang'ania, legeza bolti zote uanze upya, hata kama fundi anaangalia saa.